Kuhamisha si Kutibu: Sheria za Mazingira katika Utamaduni wa Taifa

Watu wengi wakisikia neno utamaduni hufikiri kwanza ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Hayo yote ni utamaduni, wala hatuna haja ya kuyapunguzia thamani. Lakini utamaduni wa watu ni mpana kuliko yale wanayoyaonyesha siku ya sherehe. Ni jumla ya namna wanavyoishi pamoja siku zote: nani ateke maji kwanza na nani angoje, taka zitupwe wapi, moshi wa jirani uvumiliwe hadi kiasi gani, na anayeharibu chemchemi ya wote aadhibiwe vipi. Ukitaka kuijua jamii, usiitazame uwanjani tu. Itazame mtoni, na uitazame jalalani.

Lugha yetu yenyewe imetupa neno la kutuongoza. Mazingira ni neno lililotokana na kitenzi kuzingira. Ni yale yote yaliyotuzunguka, mbele na nyuma, juu na chini. Mtu hawezi kuyahama mazingira, kwa maana kila aendako atakuta mengine yamemzingira. Basi na uchafu nao hauhamishiki kwa kweli. Ukiutoa mlangoni kwako ukautia mlangoni kwa mwenzio, hujausafisha. Umeubadilishia mwenyewe tu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya sheria za mazingira katika nchi yetu, tangu mila za wazee hadi sheria zilizotungwa na Bunge, na kuonyesha kwamba swali lililozisumbua zote ni hilo moja: je, sheria inatibu, au inahamisha tu?

Mila kabla ya sheria iliyoandikwa

Wapo wanaodhani kwamba hifadhi ya mazingira ni fikra iliyoletwa na wageni. Historia haikubaliani nao. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kupitisha maji kutoka kwenye vijito vya mlimani hadi migombani na kwenye mashamba ya ulezi. Wasafiri kutoka Ulaya walioufikia mlima huo katika karne ya 19 walistaajabu kuona maji yakipandishwa na kuteremshwa kwa ustadi kama ule. Lakini cha kustaajabisha zaidi hakikuwa mfereji, bali sheria ya mfereji. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na mzee wake. Zamu za maji zilijulikana. Siku ya kusafisha, wenye kutumia maji walitakiwa kutoka wote, na asiyetoka alitozwa faini. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba haijui.

Wasukuma nao walikuwa na ngitili. Baada ya mvua, sehemu ya malisho ilifungwa, ng'ombe wasiingie, ili nyasi zibaki akiba ya kiangazi. Nyasi zilihifadhiwa, na pamoja na nyasi miti ikapata nafasi ya kuota. Na katika sehemu nyingi za nchi, misitu ya matambiko na chemchemi zilikuwa na miiko. Hapa usikate, pale usifue, kule usipite na chombo chenye masizi. Anayezicheka imani hizo asisahau kutazama matokeo yake, kwani miti mikubwa iliyobaki katika vijiji vingi ni ile iliyolindwa na miiko.

Hata hivyo tusiitukuze mila kupita kiasi. Mila ziliota mahali ambapo watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa nyingi. Zilijua kumzuia jirani asiibe zamu ya maji, lakini hazikujua rangi ya kiwanda cha nguo, mafuta machafu ya gereji, wala mfuko wa plastiki. Tena mila ya kijiji kimoja iliishia kwenye mpaka wa kijiji hicho, hali mto hauna habari ya mipaka. Kwa hiyo haja ya sheria ya taifa ilikuwa ya kweli. Tatizo ni namna sheria hiyo ilivyoingia.

Sheria ya amri

Sheria za kwanza za maandishi kuhusu misitu, wanyama na udongo zilitungwa na serikali za kikoloni, kwanza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza. Zilikuwa sheria za amri. Mwananchi hakuulizwa; aliambiwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa milima ya Uluguru.

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hoja yake haikuwa ya uwongo. Udongo wa milima ile ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na mito inayotoka huko huuingia Mto Ruvu, ambao ndio uliokuja kuinywesha Dar es Salaam. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao, na asiyechimba ashitakiwe. Waluguru waliona jambo ambalo mabwana shamba hawakutaka kulisikia. Katika ardhi ile, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuutoa juu udongo usiozaa. Watu walitoa jasho, na mavuno yakapungua.

Mwaka 1955 uvumilivu ulikwisha. Ghasia zilizuka, na mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuta milimani watu waliokwisha kujifunza kwa uchungu kwamba serikali isiyowasikiliza haiwezi kuwatendea haki hata ikiwa na nia ya kuokoa udongo wao. Huko Usambara nako mpango wa namna hiyo ulipingwa na haukudumu.

Funzo la Uluguru lina pande mbili, na mwalimu atafanya vema akiwaonyesha wanafunzi zote mbili. Kwanza, sheria inayotungwa bila ujuzi wa wenyeji inaweza kuharibu kile inachotaka kukilinda. Pili, na hili ni zito zaidi, amri ile iliacha jeraha katika fikra. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, ofisa aliyefika kijijini kuzungumzia hifadhi ya udongo alisikilizwa kwa mashaka. Neno hifadhi lilikuwa limekwisha kunukia faini.

Uhuru na elimu ya watu wazima

Taifa huru lilijaribu njia nyingine. Mwaka 1973 ulifanyika mpango mkubwa wa elimu kwa njia ya redio ulioitwa Mtu ni Afya. Yapata watu wazima milioni mbili walijiunga katika vikundi, wakakaa mbele ya redio, wakasikiliza, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakajadiliana. Hawakuishia katika maneno. Walifyeka vichaka vya mbu, walizungushia visima ua, na walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Kazi hiyo ya kusafisha mazingira haikuanza kwa kesi mahakamani. Ilianza kwa mazungumzo chini ya mwembe, katika lugha ambayo kila mtu aliielewa.

Mwaka huo huo wa 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofahamika kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limechimbika makorongo. Nyasi na miti ilirudi. Mwaka 1986 ulifuata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Huko walichukua njia tofauti kidogo, kwani badala ya kuwaondolea Wasukuma mifugo yao, waliifufua ngitili. Mikutano ya jadi, dagashida, ilitunga kanuni, na sungusungu wakasaidia kuzilinda. Mkoa uliokuwa umekatwa miti tangu zama za kupiga vita mbung'o ukapata tena ngitili za mamia ya maelfu ya hekta. Hapa mila na serikali zilishikana mikono, na matokeo yake yalionekana kwa macho.

Wakati huo Bunge nalo lilikuwa likijenga nguzo za sheria. Mwaka 1974 ilipitishwa Sheria Na. 42 kuhusu matumizi ya maji, na mwaka 1981 ikarekebishwa ili kuweka viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kuingia mitoni. Mwaka 1983 Sheria Na. 19 iliunda Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria hiyo ililipa Baraza kazi ya kushauri zaidi kuliko uwezo wa kuamuru. Sisi tuliokaa miaka mingi katika ofisi za serikali tunaijua tofauti hiyo. Barua ya ushauri hupokelewa kwa heshima, hugongwa muhuri, hutiwa jaladani, na jalada hurudi masjala. Mto nao huendelea kupokea uchafu.

Kesi ya Tabata

Tukio lililobadili mambo halikutoka Bungeni wala ofisini. Lilitoka kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam.

Jiji lilikuwa likitupa taka zake Tabata, karibu na makazi ya watu. Taka zilioza na kuchomwa, moshi ukaingia majumbani, harufu na nzi vikawa sehemu ya maisha. Wakazi walilalamika na hawakupata nafuu. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji. Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida katika historia ya sheria zetu. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini utekelezaji wake mahakamani ulisimamishwa kwa miaka mitatu tangu Katiba hiyo iliyorekebishwa ianze kutumika, ukaanza Machi 1988. Ibara ya 14 ya Katiba inasema kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Haki hiyo iliyokuwa kwenye karatasi sasa ilikuwa na mlango wa kugongwa.

Mahakama iliamuru Halmashauri iache kutupa taka Tabata, na itengeneze mahali pengine pasipohatarisha maisha ya watu. Halmashauri haikutekeleza. Iliomba muda, ikapewa. Ikaomba tena. Ilipofika mwaka 1991, ombi jingine la kuongezewa muda liliwekwa mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Katika uamuzi wake alieleza mshangao wake kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, naye akaihusisha hewa ile ya moshi na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba.

Tutafakari uzito wa jambo hilo. Wakazi wa kawaida wa mtaa walisimama mbele ya jiji zima, wala hawakudai fedha, walidai hewa. Na mahakama ikasema kwamba hewa safi si fadhila ya halmashauri, bali ni sehemu ya uhai. Uluguru sheria ilishuka kutoka juu ikamwangukia mkulima. Tabata sheria ilipanda kutoka chini ikaishika serikali mkono. Katika miaka isiyozidi 40 taifa lilikuwa limesafiri safari ndefu.

Lakini historia haikuishia hapo, na mwalimu asiikatize hadithi mahali patamu. Taka za jiji zilipotolewa Tabata zilipelekwa Kunduchi Mtongani, ambako palikuwa pametengwa kwa makazi. Wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda. Kisha taka zikapelekwa Vingunguti, mtaa wa watu wa kipato cha chini, karibu na Mto Msimbazi. Baadaye zikahamia Mtoni, na baadaye tena Pugu. Kila mahakama ilipofunga mlango mmoja, taka zilitafuta mlango mwingine. Haki ilitendeka Tabata, hatulikatai hilo. Ila taka zenyewe hazikutibiwa. Zilihama, na zilielekea kuhamia pale ambapo sauti ya watu ni ndogo zaidi.

Ardhi oevu na waliohamishwa

Jambo hilo hilo tunalikuta katika ardhi oevu, yaani mabonde, vinamasi na maeneo yote yanayoshika maji kwa mwaka mzima au kwa msimu. Zamani wapangaji wengi waliyaona maeneo hayo kuwa ardhi bure inayongoja kukaushwa. Leo tunajua kwamba kinamasi ni ghala na chujio. Hupokea mafuriko kikayapunguzia kasi, huchuja tope, hulea samaki, kisha hutoa maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mataifa yalipatana juu ya hifadhi ya maeneo hayo katika mji wa Ramsar, huko Uajemi, mwaka 1971. Tanzania ilijiunga na mapatano hayo mwaka 2000, na ikaorodhesha maeneo manne: Malagarasi na Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa.

Tuchukue mfano wa Usangu, katika nyanda za juu za kusini. Maji ya bonde hilo na kinamasi chake cha Ihefu hulisha Mto Ruaha Mkuu, na mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla ya kufika Mtera na Kidatu, mahali pa mitambo ya umeme. Tangu mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka ndani ya hifadhi majira ya kiangazi. Viboko walisongamana katika madimbwi. Umeme ulipopungua mijini, macho ya nchi yaligeukia Usangu.

Mwaka 2006 na mwaka uliofuata wafugaji waliondolewa huko pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya eneo hilo ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Nia ya kuokoa kinamasi ilikuwa njema. Lakini wataalamu waliochunguza walionyesha kwamba maji mengi ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa na mifereji ya mashamba ya mpunga, na kwamba mfugaji alibebeshwa lawama kubwa kuliko sehemu yake. Ng'ombe waliotoka Usangu hawakutoweka duniani. Wengi waliswagwa masafa marefu hadi mikoa ya kusini na pwani, ambako ugomvi mpya wa wafugaji na wakulima ukaota. Msomaji atauona mfanano wake na taka za Tabata.

Mfano wa pili ni Bonde la Msimbazi, katikati ya Dar es Salaam. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katika vitongoji vilivyosongamana na sehemu za viwanda, na huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Miaka nenda miaka rudi umepokea majitaka na taka ngumu, na kando yake watu wamelima mchicha unaoliwa mjini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji. Baadhi ya wakazi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini. Kuanzia Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni ziliwekwa alama nyekundu ya X na kuvunjwa.

Serikali ilikuwa na hoja, kwa kuwa bonde ni njia ya maji, na maji hayaombi ruhusa. Lakini waliojenga bondeni hawakujenga kwa ukaidi tu. Wengi walijenga huko kwa sababu viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na ghali, na bondeni palikuwa karibu na kazi. Mtu akihamishwa bila kuondolewa sababu iliyomleta, atarudi yeye, au atakuja mwingine mwenye shida kama yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa bondeni maji huubomoa kila masika.

Sheria ya mwaka 2004

Katikati ya matukio hayo Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Hii ndiyo sheria iliyokusanya mafunzo mengi tuliyoyataja. Inatamka kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa mwananchi haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Ushindi wa Tabata ukawa haki ya kila mtaa. Inaweka msingi kwamba mchafuzi ndiye alipe. Inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi mkubwa haujaanza. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Na inaruhusu kutolewa kwa amri ya urejeshaji, ambayo humtaka aliyeharibu arudishe mahali pale katika hali yake kadiri inavyowezekana.

Tunaisisitiza hiyo amri ya urejeshaji kwa sababu ndiyo inayokaribia tiba. Faini peke yake ni bei. Tajiri anaweza kuilipa na kuendelea. Lakini akiambiwa atoe sumu aliyoitia ardhini na apande upya alichokata, hapo sheria imefika kwenye jeraha lenyewe.

Mwaka 2007 kanuni za viwango vya hewa, maji na udongo zilifuata. Kwa upande wa hewa upo mfano mzuri wa tiba. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi, na moshi wa magari ukaisambaza katika vifua na damu za watoto wa mijini. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakakubaliana kuiondoa ifikapo mwisho wa mwaka 2005. Hapa hakuna aliyehamishwa, wala hakuna mtaa uliobebeshwa mzigo wa mtaa mwingine. Sumu iliondolewa kwenye chanzo chake, ndani ya mafuta yenyewe.

Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar, yenye sheria zake za mazingira tangu mwaka 1996, ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka kumi. Wapo walioona ugumu, lakini kizazi kilichobeba kikapu cha ukili kwenda sokoni hakikuona ajabu. Wakati mwingine sheria mpya hufanikiwa upesi kwa sababu inafufua desturi ya zamani.

Na bado kuna moshi ulio karibu nasi kuliko ule wa magari, nao ni moshi wa jikoni. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shule zenye kulisha wanafunzi wengi zimetakiwa kuacha kuni na mkaa. Mwanafunzi anayesoma makala haya huenda anakula ugali uliopikwa katika jiko linalohusika na agizo hilo, na mpishi wake anakohoa au hakohoi kulingana na namna linavyotekelezwa.

Lugha ya sheria

Lipo jambo moja la utamaduni ambalo hatuwezi kuliacha. Sheria ya mwaka 2004 iliandikwa kwa Kiingereza. Hukumu ya Tabata iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa bustani ya mchicha kando ya Msimbazi alitakiwa kutii mita 60 zilizoandikwa katika lugha asiyoisoma. Mzee wa mfongo hakuwahi kumwadhibu mtu kwa sheria asiyoielewa. Katika hilo, mila ilikuwa imeendelea kuliko sisi.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo hayakufanywa kwa ajili ya mazingira peke yake, lakini hapana shaka kwamba mazingira yatafaidika. Mtu ni Afya ilifanikiwa kwa sababu ilisema Kiswahili. Maneno kama ardhi oevu, urejeshaji, mchafuzi na tathmini hayana budi kutoka katika makamusi na kuingia katika mabaraza ya vijiji, ili mwananchi akiambiwa amevunja sheria aweze kuuliza, ni kifungu gani, na kinasema nini?

Vipimo vitatu

Kutokana na historia hii tunaweza kumpa mwanafunzi vipimo vitatu vya kupimia sheria yoyote ya mazingira, ya jana, ya leo au ya kesho.

Kipimo cha kwanza: je, inaeleweka kwa wale inaowahusu, na je, waliulizwa? Mpango wa Uluguru ulishindwa katika kipimo hiki, na ngitili za Shinyanga zilifaulu.

Kipimo cha pili: je, inamfunga mwenye nguvu kama inavyomfunga mnyonge? Tabata ilithibitisha kwamba inawezekana. Lakini mahali popote ambapo nyumba ya maskini huvunjwa kwa kosa la mita 60, na jengo la tajiri likaachwa likisimama ndani ya mita hizo hizo, sheria imekwisha kujivunjia heshima, na wananchi hawatakosea wakiidharau.

Kipimo cha tatu: je, inatibu, au inahamisha? Hiki ndicho kipimo kigumu, kwa sababu kuhamisha ni rahisi na huonekana haraka. Lori likiondoka na taka, mtaa unapumua. Ng'ombe wakiondoka, kinamasi kinachipua. Swali la kuuliza ni lori limekwenda wapi, na ng'ombe wamekwenda wapi.

Walimu wanaweza kulianza somo hili bila kitabu. Karibu kila shule ina mto, kijito, bwawa au mtaro usio mbali nayo. Wanafunzi wapelekwe hapo wakatazame maji yanatoka wapi, nani anayatumia kabla yao, na nani atakayeyatumia baada yao. Huyo wa baada yao ndiye wa kufikiriwa kuliko wote, kwa kuwa hayupo mkutanoni wakati sheria inapotungwa. Wazee waliochimba mifongo walimjua, maana shamba lake lilikuwa mwisho wa mfereji, na zamu yake ya maji ililindwa kama zamu ya mtu wa kwanza. Taifa likiweza kumlinda mtu huyo kwa sheria iliyoandikwa, kwa lugha yake, litakuwa limeiendeleza kazi ya wazee hao.